Kuimba ni Kupokezana: Jinsi Waimbaji Wanavyosaidia Jamii Kupona Baada ya Msiba

Akina mama, akina nyanya, na nyote mnaolea watoto, sogeeni karibu na redio. Leo hatuzungumzi juu ya malaria wala chanjo. Tunazungumza juu ya kidonda kisichoonekana kwa macho, yaani huzuni inayobaki katika jamii baada ya msiba mkubwa, na jinsi waimbaji waliofunzwa wanavyoweza kusaidia kukiponya.

Wengi wetu tunaikumbuka Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi. Watu 213 walifariki jijini humo na maelfu wakajeruhiwa. Wengi walisikia mlipuko mdogo kwanza, wakakimbilia madirishani kuona kuna nini. Mlipuko mkubwa ulipofuata, vioo viliwaumiza macho, na baadhi yao hawakuona tena. Leo pale ubalozi uliposimama pana bustani ya ukumbusho yenye majina ya waliofariki. Kila mwaka tarehe hiyo ikifika, jamaa zao hukumbuka. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.

Sasa tutazame desturi yetu. Msiba ukitokea, wiki ya kwanza nyumba hujaa watu. Mahema hupigwa, chai hupikwa, kwaya huimba usiku kucha. Baada ya mazishi, viti hurudishwa, mahema hung'olewa, na kila mtu hushika njia yake. Mama aliyefiwa hubaki na kitanda kitupu na watoto wanaoshtuka usiku. Hapo ndipo uchungu wenyewe huanza, na hapo ndipo mwimbaji anahitajika zaidi.

Huenda ukauliza, wimbo utasaidia nini? Jibu la kwanza liko katika pumzi. Mtu mwenye hofu hupumua haraka haraka, na moyo humwenda mbio. Akiimba polepole, hulazimika kuvuta pumzi ndani na kuitoa kidogo kidogo. Pumzi ikitulia, moyo nao hutulia. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, nchini Uswidi, waliwapima watu walipokuwa wakiimba pamoja. Waligundua kwamba mapigo ya mioyo yao yalianza kupanda na kushuka kwa pamoja.

Jibu la pili linawahusu akina mama hasa. Mwaka 2018 kule Uingereza yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa akina mama 134 waliokuwa na dalili za huzuni kuu baada ya kujifungua. Baadhi yao waliimba katika kikundi pamoja na watoto wao, kila wiki kwa wiki kumi. Wale waliokuwa na dalili nzito zaidi, wakaimba, walipata nafuu mapema kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida tu. Ni kweli, wale hawakuwa wamefiwa. Lakini kuna jambo la kujifunza kwao: hawakuimbiwa siku moja wakaachwa. Waliimba wao wenyewe, tena wiki baada ya wiki.

Basi, mwimbaji aliyefunzwa kwa kazi hii ni yupi? Si lazima awe mwenye sauti nzuri kuliko wote. Ni yule anayejua mambo haya matano.

Kwanza, huuliza kabla ya kuimba. Kwa jamaa nyingi za Kiislamu, wakati wa msiba ni wa dua na kisomo. Wengine hutaka kimya tu. Anayekuja kufariji hufuata nyumba, hailazimishi nyumba imfuate.

Pili, huchagua wimbo kwa uangalifu. Wimbo unaoelekeza kidole kwa kabila jingine si dawa bali ni sumu. Tuliona mwaka 2008, baada ya uchaguzi, jinsi maneno ya chuki yalivyowasha moto. Mahali palipo na makabila mawili yaliyoumizana, mwimbaji hutafuta wimbo ambao pande zote mbili zinaweza kuuitikia.

Tatu, huwaachia waliofiwa nafasi ya kuimba. Hutoa sauti ya chini, ubeti mfupi, halafu hungoja kiitikio. Mama asiyeweza kutamka neno anaweza kuvumisha sauti midomo ikiwa imefungwa. Akilia katikati ya wimbo, haambiwi anyamaze. Wenzake huendelea taratibu hadi atakapokuwa tayari kurudi. Ndiyo maana husemwa kuimba ni kupokezana.

Nne, hutazama na kusikiliza. Akiona mtu ambaye wimbo unamrudisha kwenye siku ya msiba, anayetetemeka au kuduwaa, husimamisha wimbo, humkalisha kando, na kumtafutia msaada. Mwimbaji si daktari, naye anajua hivyo.

Tano, hurudi. Hurudi wiki ya tatu na mwezi wa tatu, hata watu wachache wakijitokeza.

Mama mpendwa, hata nyumbani kwako unaweza kuanza. Mtoto aliyeona msiba huhitaji kujua kwamba kesho itafanana na leo. Mwimbie wimbo uleule wa kubembeleza, saa ileile, kila usiku. Mshike karibu, punguza sauti kadiri usingizi unavyokuja. Akitaka kuimba wimbo aliopenda ndugu yake aliyefariki, usimkataze. Asipotaka kuimba, usimlazimishe. Na tahadhari moja: si kila muziki wa matanga hufariji. Disko matanga zimewatia hatarini wasichana wengi. Usiku wa msiba, jua binti yako yuko wapi na yuko na nani.

Zifahamu pia dalili ambazo wimbo pekee hautoshi. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani anarudia tena. Hali, hachezi, au hulia usiku kwa zaidi ya mwezi mmoja. Mama hawezi kuamka kumnyonyesha mtoto. Ukiona hayo, zungumza na mhudumu wa afya ya jamii au nenda kituo cha afya kilicho karibu. Mtu akisema hataki kuishi, usimwache peke yake, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo. Kwa shida za watoto, piga simu nambari 116. Haina malipo, na hujibiwa usiku na mchana.

Kwa ninyi mlio katika kwaya na vikundi vya akina mama, ninawaachia kazi moja. Ikumbukeni nyumba mliyoiimbia kwenye mazishi mwaka huu. Chagueni watu wanne au watano, mpige hodi, mwulize kama mnaweza kuketi nao. Huenda mama wa nyumba hiyo hajaimba tangu siku ile. Anzeni kwa sauti ya chini, halafu mngojeeni.