Kompyuta Ndogo, Mfumo wa Zamani na Daftari la Chama

(Mazungumzo kwa makarani na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi, Dodoma)



Chama cha msingi husimama au huanguka kwa daftari lake. Mkulima wa zabibu wa Hombolo na wa alizeti wa Kongwa hukabidhi mazao yao kwa imani kwamba uzito ulioandikwa leo ndio watakaolipwa kesho. Kwa hiyo chombo chochote kinachotaka kushika nafasi ya daftari hakina budi kuchunguzwe kwanza. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya jaribio la kuweka hesabu zake katika mashine hizo kushindwa. Marufuku hiyo ilikwisha ondolewa, lakini funzo lake lingali hai.

Zipo sasa bodi ndogo za kompyuta, ukubwa wa kadi ya benki, ziitwazo Raspberry Pi. Ya kwanza ilitolewa Uingereza mwaka 2012 kwa dola 35. Huunganishwa na televisheni na kibodi ya kawaida, na kwa kuwa hutumia wati chache tu, hata umeme wa jua huweza kuiendesha.

Miongoni mwa mifumo endeshi ya bodi hiyo, yaani programu kuu zinazoongoza programu nyingine, umo mmoja wa zamani uitwao RISC OS. Asili yake ni kompyuta ya Archimedes, iliyotolewa na kampuni ya Acorn ya Cambridge mwaka 1987. Kumbukumbu ya mashine za siku zile ilikuwa haba, basi mafundi waliuandika kwa ubahili; hata leo kiini chake ni megabaiti chache tu. Acorn ilivunjwa, lakini wapenzi wa mfumo huo hawakuuacha. Kichwa cha bodi mpya ni cha ukoo wa ARM, uliobuniwa na Acorn yenyewe katika miaka ya 1980. Kazi iliyobaki ilikuwa kuandika upya sehemu zinazosemezana na kioo, kibodi na kadi ya kumbukumbu. Mwaka 2018 mfumo ulifanywa huria: kila mtu anaruhusiwa kuusoma, kuunakili na kuurekebisha bila ada. Ruhusa ya namna hiyo ndiyo iliyowezesha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kushiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004.

RISC OS hugawa zamu kwa njia ya ushirika. Kila programu hufanya kazi kidogo, kisha kwa hiari yake huiachia nyingine nafasi. Moja iking'ang'ania zamu, zote husimama, kama foleni ya mzani inavyosimama mtu mmoja anapokataa kushusha gunia lake. Tena, mfumo huu haukujengwa kutenganisha watumiaji kwa nywila: akaaye mbele ya kibodi huweza kugusa kila kitu. Nao hauzimudu vyema tovuti nyingi za kisasa.

Kwa hiyo mfumo huu unafaa kumfundisha karani namna kompyuta inavyofanya kazi, na kuandika barua na kumbukumbu za mikutano. Haufai kukabidhiwa peke yake fedha za wanachama. Kwa kazi za mtandaoni, ikiwamo MUVU ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, bodi hiyo hiyo iwekewe kadi nyingine yenye Linux.

Chama kitakachoamua kujaribu kizingatie haya:

1. Daftari la karatasi liendelee sambamba kwa msimu mzima, na hesabu zilinganishwe kila wiki.
2. Nakala ya kadi ihifadhiwe nje ya ofisi.
3. Wafundishwe makarani wawili au zaidi, ili elimu isiondoke na mtu mmoja.
4. Matokeo yasomwe mbele ya mkutano mkuu, nao wanachama waamue kuendelea au kuacha.