Mnara Husikika Mbali Kuliko Unavyosikia



Mei 2023, jijini Dodoma, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitia saini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Ni mradi mkubwa, nami sikuja hapa kuubeza. Nauliza tu: mnara ukishasimama na kuwashwa, tunajuaje kwamba kijiji fulani kimefikiwa? Kwa kawaida jibu hutoka kwenye ramani. Mhandisi huingiza kwenye kompyuta urefu wa mnara, nguvu ya mtambo, masafa na sura ya nchi, na programu inapaka rangi mahali ambapo mawimbi yanatarajiwa kufika. Rangi hiyo ndiyo inayogeuzwa kuwa asilimia ya wananchi waliofikiwa. Hoja yangu ni kwamba ramani ya namna hiyo hupima nusu tu ya mazungumzo.

Mtambo wa 4G juu ya mnara kwa kawaida hurusha wati 40 hivi. Simu iliyo mfukoni mwako, iwe ya laki moja au ya milioni tatu, hurusha wati 0.2 ikijitahidi sana. Tofauti ni mara 200. Muadhini mwenye kipaza sauti anasikika hadi kijiji cha pili; wewe wa kijiji cha pili ukimjibu kwa mdomo mtupu, hakusikii. Vile vijiti vya mtandao kwenye kioo cha simu vinaonyesha jinsi simu inavyousikia mnara. Kuhusu mnara unavyoisikia simu, havisemi lolote. Ndiyo maana mtu huona vijiti viwili, akatuma picha ya risiti kwa WhatsApp, na kile kiduara kikazunguka weee mpaka akakata tamaa. "Mtandao unasumbua," atasema, na jirani yake anayepokea video bila shida atamshangaa. Wote wawili wana haki: mmoja anapokea, mwingine anatuma.

Waliobuni 4G walilijua hili. Simu iliyo mbali hukusanya nguvu zake zote kwenye kipande chembamba cha masafa ili isikike. Inasikika kweli, ila kwa njia finyu, na kasi ya kutuma inaporomoka. Kwa mtu anayesoma habari tu, si kitu. Kwa mwalimu anayepakia matokeo ya wanafunzi, au muuguzi wa zahanati anayetuma taarifa za wagonjwa wilayani, hapo ndipo huduma ilipo au isipokuwepo.

Wakongwe wa fani watakumbuka WiMAX, teknolojia ya intaneti isiyo na waya. Katikati ya miaka ya 2000 ilinadiwa kwa namba mbili: kilomita 50 na megabiti 70 kwa sekunde. Kila namba ilikuwa ya kweli ikiwa peke yake. Kilomita 50 zilihitaji antena iliyofungwa juu ya paa, ikiutazama mnara bila kizuizi. Megabiti 70 zilihitaji uwe karibu na mnara, ukipewa mkanda mpana wa masafa, bila watu wengi wa kugawana nao. Aliyenunua modemu na kuiweka mezani sebuleni mara nyingi aliambulia kilomita moja au mbili. WiMAX imeshazikwa na 4G. Desturi ya kunadi pamoja namba mbili ambazo hazikutani mahali pamoja haikuzikwa nayo. Tazameni mabango ya 5G.

Kuhusu masafa nitasema kwa ufupi, ingawa wanafunzi wangu wanajua ninavyoweza kuyazungumzia muhula mzima. Kwa antena za aina moja, hasara ya mawimbi hukua kwa mraba wa masafa. Kutoka megahezi 700 hadi 3500 ni mara tano. Hasara basi ni mara 25, kabla hujahesabu ukuta wala mwembe. Ndiyo sababu 5G ya kasi kubwa, inayokaa kwenye 3500, huanzia katikati ya miji, na 700 ndiyo hazina ya vijijini. Hazina hiyo tuliipata kwa kuihamisha televisheni kutoka kwenye masafa hayo. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikaweka sokoni masafa ya 700. Kelele za wakati ule zilikuwa za bei ya ving'amuzi. Zilikuwa kelele za haki, lakini sikumbuki mtu aliyewaeleza wananchi walichokuwa wanakipisha.

Kisha kuna bati. Ramani nyingi humkadiria mtu aliyesimama nje. Akiingia ndani, bati juu yake huyarudisha mawimbi, yakabaki yale yanayopenya ukutani na dirishani, na simu inakwenda kuegeshwa dirishani kama sote tunavyofanya.

Majini hesabu ni nyingine. Dunia ni mviringo: mnara wa mita 45 ulio ufukweni na mvuvi aliyesimama mtumbwini hupoteana baada ya takriban kilomita 33. Simika mnara huo juu ya kilima, kando ya Ziwa Tanganyika, na mawimbi yatakwenda mbali zaidi. Lakini mnara wa 2G huiagiza kila simu iwahishe kutuma kulingana na umbali wake, kwa hatua 63 za mita 550 hivi, na hesabu hiyo inaishia kilomita 35. Mvuvi akipita hapo, hata mawimbi yakimfikia safi, mnara hautampokea. Upo mpangilio maalumu wa kurefusha umbali huo, unaokula nusu ya nafasi za mazungumzo. Kampuni gani itauwasha kwa ajili ya mitumbwi arobaini?

Kuna waliojaribu kukwepa yote haya kwa kupanda juu. Julai 2020 kampuni ya Loon, ndugu yake Google, pamoja na Telkom Kenya, walianza kutoa 4G kwa maputo 35 hivi yaliyoelea takriban kilomita 20 angani, yakilenga eneo la karibu kilomita za mraba 50,000 magharibi na katikati ya Kenya. Yalifanya kazi. Januari 2021 Loon ikatangaza kufunga mradi, kwa kuwa gharama hazikushuka kiasi cha biashara kujiendesha. Pengo likabaki. Kwa takwimu za GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, za mwisho wa 2023, Kusini mwa Sahara asilimia 13 ya watu waliishi nje ya mtandao wa intaneti ya simu, na asilimia 60 waliishi ndani yake bila kuitumia. Asilimia 60! Bei ya simu janja na ya bando imo humo, na ujuzi pia. Ila nashuku kwamba wamo pia waliohesabiwa ndani kwa rangi ya ramani tu, na hawa hakuna anayewatafuta, kwa sababu kwenye karatasi wameshapatikana.

Kwa hiyo ninalopendekeza kwa wenye mikataba ni dogo. Sehemu ya ruzuku ya kila mnara ibakizwe. Mpimaji asiye mwajiriwa wa kampuni aende na simu ya bei ya chini kabisa inayouzwa gulioni, aingie kwenye nyumba ya bati iliyo ukingoni mwa rangi, saa mbili usiku wakati watu wengi wako hewani, apime kasi ya kutuma kabla ya ile ya kupokea. Arudie masika, mvua inapoyapiga mawimbi ya mikrowevu yanayouunganisha mnara huo na mkongo wa mawasiliano, na siku ambayo dizeli ya jenereta imechelewa. Kijiji kikifaulu, kampuni ilipwe iliyobaki.