Kompyuta Yatafuta Dawa ya Sumu ya Nyoka



Dawa ya sumu ya nyoka iliyoko hospitalini bado hutengenezwa kwa njia ya miaka ya 1890: farasi hudungwa sumu kidogo kidogo, kisha kinga hutolewa kwenye damu yake. Ni ghali, na wagonjwa wengine huwaletea mzio mkali.

Januari 2025, watafiti wakiwemo Susana Vázquez Torres na David Baker wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walitangaza njia nyingine. Kompyuta ilipewa umbo la sumu iliyomo kwa swila na koboko, ile inayolemaza misuli hadi mtu ashindwe kupumua, ikabuni protini ndogo za kuikamata. Panya waliodungwa sumu hiyo kisha wakapewa protini walinusurika kwa asilimia 80 hadi 100.

Lakini hao ni panya. Tena moma, yule mvivu anayelala njiani hadi akanyagwe, sumu yake ni ya aina nyingine kabisa. Protini hizo hazimhusu.

Kwa sasa, aliyeumwa atulizwe, avuliwe pete na bangili, asichanjwe wembe wala kufungwa kamba, apelekwe hospitali usiku huo huo, asingojee kukuche.