Ufunguo Bila Karatasi Si Nyumba



Kijiji cha Kewanja, wilayani Tarime, ki jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Mahali kama hapo mwalimu mgeni hushindania chumba na watu wa mgodi. Anayehamishwa akimwachia ufunguo na kumtoza kodi ya miezi sita bila maandishi, siku mwenye nyumba atakapotokea, mgeni atajitetea kwa nini?

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaitambua kanuni hii: mpangaji asipangishe mwingine bila idhini ya maandishi ya mwenye mali, naye mwenye mali asiinyime bila sababu ya haki. Basi karatasi ni tatu: mkataba wa awali, idhini hiyo, na mkataba mpya unaotaja kodi na muda. Kila malipo yawe na stakabadhi.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kupangisha nyumba. Sharti hilo lililegezwa mwaka 1991, unyonyaji haukuhalalishwa. Mtumishi anayempandishia mwenzake kodi ili ajipatie faida ni mlanguzi.

Mwalimu afundishaye kuandika asione haya kudai maandishi.