UKANDA WA KIJANI KUZUNGUKA MJI WA VIWANDA: MSIMAMO WA TAWI LETU

*Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wanachama. Yanatumwa kwa wote, hasa waliokosa kufika.*



Wiki hizi tumeulizwa swali moja na watu wengi: ule ukanda uliopakwa rangi ya kijani kwenye rasimu ya mpango wa mji wa viwanda, tuuunge mkono au tuupinge? Jibu la Kamati ni kwamba tunauunga mkono, kwa masharti matatu. Tunaomba msome mpaka mwisho kabla ya kujibu.

Ukanda wa kinga ni ardhi inayoachwa kati ya viwanda na makazi: miti, mashamba, mabonde. Unapunguza vumbi na kelele, unanyonya maji ya mvua, na ajali ikitokea unatupa nafasi ya kukimbia. Kule Bhopal, India, usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, gesi ya kiwanda cha viuatilifu iliua maelfu ya watu. Nyumba za maskini zilikuwa zimebanana jirani kabisa na kiwanda.

Hapa jirani, Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilipakana na makazi ya watu. Sumu ya madini ya risasi ikakutwa kwenye damu za watoto. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamua wananchi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, kesi ikapanda ngazi za rufaa hadi Mahakama ya Juu mwaka 2024. Ndugu zetu, hukumu hata iwe njema haitoi sumu kwenye damu ya mtoto. Kinga ni kuacha nafasi mapema.

Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mito, maziwa, mabwawa na bahari. Hiyo inalinda maji. Kati ya bomba la moshi na nyumba yako, mstari utakaokulinda ni ule utakaochorwa kwenye mpango huu. Ndiyo maana hatuwezi kukaa kimya.

Lakini wenye mashamba ndani ya ukanda nao wana hoja, na tawi halitawaziba mdomo. Kenya walipoanzisha mji wa teknolojia wa Konza kwenye ekari 5,000, waliweka eneo la kinga la kilomita 10 kuuzunguka. Wenye ardhi wa Machakos, Makueni na Kajiado wakalalamika. Shamba ni lako, ila kujenga na kuligawa ni mpaka uruhusiwe. Ukimwekea mtu zuio la namna hiyo bila kumlipa, umemfanya mmoja alipie kinga ya mji mzima.

Tena ukanda usio na mwenyewe haukai. Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, linajulikana miaka mingi kuwa si mahali pa kujenga, na watu wakajenga. Mafuriko ya Desemba 2011 yakaua. Desemba 2015 nyumba zikaanza kubomolewa. Walioumia ni waliouziwa, siyo waliouza.

*Masharti yetu ni haya:*

*1. Kila shamba lijulikane hali yake.* Likitwaliwa, mwenyewe apate fidia kamili, ya haki na kwa wakati, kama Sheria ya Ardhi ya 1999 inavyotaka. Likibaki lake, apewe kwa maandishi ruhusa ya kulima, kufuga nyuki na kukarabati nyumba yake. Mkorosho na mwembe navyo ni kijani. Hakuna sababu ya kumng'olea mtu mikorosho ili apandiwe maua.

*2. Alama za mipaka ziwekwe ardhini kabla ya kiwanda cha kwanza kujengwa,* na nakala ya ramani ibaki ofisi ya kijiji. Ramani iliyofungiwa wilayani haimzuii mtu kujenga.

*3. Ukanda uwe na kasma yake.* Sisi tunaoshughulika na hesabu tunajua kwamba jambo lisilo na kasma halipo. Miche, umwagiliaji na walinzi vionekane kwenye bajeti ya halmashauri, na wenye viwanda wachangie. Matumizi yasibadilishwe bila wananchi kuitwa tena. Vinginevyo leo ni miti, kesho maegesho ya malori, keshokutwa ghala.

Sasa tuambiane ukweli. Madalali wameshaanza kuzunguka wakikata viwanja ndani ya ukanda, na baadhi ya wanaowaongoza ni wanachama wenzetu. Anayeuza kiwanja akijua kitabomolewa anamwibia mnunuzi. Kadi ya chama haitamfunika, na ofisi ya tawi haitamwandikia barua ya utetezi.

*Jumamosi ni mkutano wa hadhara wa rasimu.* Tufike wote. Mwenye hati ya kimila au karatasi ya mauziano aje na nakala, ya asili aiache nyumbani. Kabla ya siku hiyo hesabu miti yako, andika idadi, piga picha. Usisaini karatasi usiyoielewa. Ukisimama kuzungumza, taja sharti moja, eleza, kaa, mwingine aendelee. Na kila tulichosema tuhakikishe kimeandikwa kwenye muhtasari kabla hatujaondoka.

Wasiokuwa na simu wasomewe ujumbe huu na majirani. Usambazwe mzima, usikatwe vipande.



Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya Kamati ya Tawi