Kadiri ya Boriti: Mhadhara wa Umma juu ya Nyumba ya Fedha Chache



Apitaye barabara itokayo Bagamoyo kwenda Msata, akiisha kufika penye mashamba ya mananasi yaliyoipa Kiwangwa jina katika masoko ya Dar es Salaam, huona kando ya njia kuta zilizosimama bila paa, magugu yakiota mahali palipokusudiwa sebule; na mapagale hayo aghalabu si ya watu wavivu, bali ya watu waliopata fedha ya msimu mmoja wakachimba msingi wa vyumba vinne, ilhali fedha ile ile ingalitosha kumaliza vyumba viwili na baraza. Nyumba ndogo, basi (na vijana waliokaa nyuma naomba wasicheke), ndiyo nitakayoizungumza, na dai langu ni moja: kwamba mwenye fedha chache hukosea pale anapoanza kwa kuhesabu vyumba, badala ya kuanza kwa kupima vifaa atakavyojengea.

Wazee wa pwani walilijua jambo hili. Katika majumba ya mawe ya Bagamoyo, Unguja na Lamu, hata mwenye nyumba awe tajiri wa misafara, chumba hakikuzidi upana ambao boriti ya mkoko iliweza kuubeba, yaani mita 2.5 hadi 3 hivi. Mwenye mali alirefusha chumba, akatia zidaka ukutani na nakshi mlangoni, lakini upana aliuacha, kwa kuwa boriti haibembelezwi. Na maskini, katika nyumba yake ya fito, kiambaza na makuti, alikuwa na ukumbi wa kati, uwani nyuma na baraza mbele, ambayo ilimpokelea wageni bila kumgharimu kuta nne.

Boriti ya zama zetu ni bati. Bati la kawaida lina urefu wa mita 3, na mtu akiliezeka paa la vipaa viwili, kila kipaa kikafunikwa kwa bati moja zima lisilokatwa wala kuungwa, hupata nyumba yenye upana wa mita 4 na ushei, pamoja na upenu wa zaidi ya nusu mita mbele na nyuma. Fundi atasema nyumba hiyo ni nyembamba. Ni kweli, na wembamba huo ndio faida yake: kila chumba hupata madirisha pande mbili zinazoelekeana, na nyumba ikilazwa kwa urefu toka mashariki hadi magharibi, kuta ndefu zikatazama kaskazini na kusini, jua la alasiri huangukia ukuta mfupi tu, ilhali upepo wa kusi na wa kaskazi, kila mmoja kwa majira yake, huingia huku ukatokea kule. Upenu huzuia mvua ya masika isichirizike ukutani. Fedha iliyookolewa kwa kutokata bati na itumike kununua la geji 28, ambalo ni nene kuliko la geji 30, na dari ya kuzuia joto, maana chumba kisicho na dari chini ya bati, saa nane mchana, hakikaliki. Na atakayejaliwa baadaye ataongeza urefu, bati baada ya bati, bighairi ya kubomoa.

Kuhusu kuta sitasema mengi. Mwalimu Nyerere, katika Azimio la Arusha Baada ya Miaka Kumi, mwaka 1977, alilalamikia watu wanaongojea saruji na bati ilhali udongo wa kufyatulia matofali wanaukanyaga. Na leo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi hufundisha matofali ya kufungamana, ya udongo na saruji kidogo, yanayoshindiliwa kwa mashine pasipo kuni na kujengwa kwa udongo wa saruji mchache mno. Sharti lake ni kupima udongo kwanza, kwani wenye mfinyanzi mwingi hupasuka, na kuyamwagilia maji matofali kivulini kabla ya kujengea. Wasiofanya hivyo huja wakalaumu tofali.

Kwa hiyo nawaomba, kabla ya kumwita fundi achimbe msingi, pigeni vigingi, vuteni kamba ardhini, kisha tandazeni ndani yake jamvi la kadiri ya kitanda, muweke na meza, mpite baina yake mkiwa mmebeba ndoo ya maji; patakapokuwa pafinyu mtapajua siku hiyo hiyo, na kuhamisha kigingi hakugharimu kitu. Nanyi wanafunzi wa usanifu, njooni Kiwangwa na futi zenu mkazipime nyumba za kiambaza zilizosalia, mkazichore, maana kila masika baadhi yake huanguka na wenyewe hawazijengi tena.