MAZUNGUMZO: TARAKIMU ZA KISIMA NA WAJIBU WA MSIMAMIZI

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watumishi wa Serikali na wananchi juu ya matumizi ya kompyuta katika uchorongaji wa visima vya mafuta na gesi asilia.

Mwaka 2016 Zanzibar ilipata sheria yake ya utafutaji na uchimbaji wa mafuta na gesi asilia, na mwaka 2018 Serikali ilitia saini mkataba wa kitalu cha Pemba–Zanzibar. Kwa hiyo, hesabu za kisima si jambo la wageni peke yao. Iko siku zitawekwa juu ya meza ya mtumishi wa Serikali hii, na itampasa azielewe.

Kisima kirefu huchorongwa kwa msaada wa tope maalumu. Pampu hulisukuma ndani ya bomba hadi kwenye keekee, kisha hupanda juu kwa kupitia nafasi iliyo baina ya bomba na ukuta wa kisima. Kazi zake kubwa ni kuipoza keekee, kuchukua vipande vya mwamba na kuizuia gesi kwa uzito wake. Likiwa jepesi mno, gesi huingia kisimani. Likiwa zito mno, au likisukumwa kwa kasi mno, mwamba hupasuka na tope hupotea. Mchorongaji hana budi kupita baina ya mipaka hiyo miwili.

Hapo ndipo programu ya kompyuta inapofaa. Hupewa kina cha kisima, upana wa bomba, uzito na mnato wa tope, joto na kasi ya pampu. Nayo hukadiria shinikizo litakalokuwapo. Kazi inapoanza, vipimo huletwa papo kwa papo kutoka kwenye pampu na matangi, na hata kutoka karibu na keekee, ambako chombo hutuma habari kwa mapigo ya shinikizo ndani ya tope lenyewe. Makadirio na vipimo vikitofautiana, ama hesabu imekosea, ama kisimani mna jambo. Tofauti hiyo haifai kupuuzwa.

Ndugu Wananchi,

Tarehe 20 Aprili 2010, katika Ghuba ya Mexico, mtambo wa Deepwater Horizon ulikuwa ukimalizia kisima cha Macondo, penye maji ya kina cha mita 1,500 hivi. Shinikizo lilipunguzwa kwa makusudi ili kupima kama saruji ya chini imeshika. Bomba la kuchorongea lilionesha ratili 1,400 kwa inchi ya mraba, ilhali bomba la pembeni lilionesha sifuri. Kisima kilichozibwa sawasawa hakioneshi hivyo. Hata hivyo ilipatikana tafsiri ya kuridhisha, na maji ya bahari yakaendelea kuingizwa mahali pa tope zito. Ilipopindukia saa 3 usiku, shinikizo lilipanda huku pampu zikienda kwa kasi ile ile, nalo lilipaswa kushuka. Tarakimu hizo zilikuwa kwenye skrini. Kabla ya saa 4 mtambo ulilipuka. Wafanyakazi 11 walifariki, na mafuta yalimwagika baharini kwa siku 87.

Vipimo havikukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kuvisoma kwa wakati na kuamuru kazi isimame.

Kwa hiyo, mtumishi atakayeletewa mpango wa uchorongaji na aulize mambo matatu. Je, makadirio ya kompyuta husahihishwa kwa vipimo vya kisima hiki hiki? Nani anaviangalia vipimo hivyo saa zote, usiku na mchana? Na mtu huyo, akiona dalili mbaya, anayo mamlaka ya kusimamisha kazi bila ya kungoja ruhusa? Kengele ya kompyuta ni msaada mkubwa, lakini haimfai asiyeitii.

Wavuvi wetu hawana bahari nyengine. Wahenga wamesema, dalili ya mvua ni mawingu. Kule Macondo mawingu yalionekana, wala kazi haikusimamishwa. Sisi tujifunze kusoma mapema.